Mkoba wa Karanga

...na wala hajisifu, hata kidogo, kujisifu ni kusema kitu ambacho watu hawajakiona, na kazi ya Moza nani Kivinje hajaiona, inapita njiani kila siku ikining'inia mikononi mwa wenyewe, nenda harusi yoyote utaikuta imepakatwa mstari mzima, ule mkoba mwekundu wa Bi Adija uliokuja umekakamaa kama papa mkavu na leo ukiubonyeza unabonyea kama shavu la mtoto, ule wa mke wa karani wa boma ambao bizimu yake ya shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, ndimu na majivu, ndimu na majivu, mpaka ikawaka ukadhani dhahabu... na sasa huu wa wifi yake Samia, mkubwa, mzito, una tumbo kama la mja mzito wa miezi saba, mweusi tititi kwa rangi ya viatu ambayo aliyekuwa nao kwanza aliipaka juu ya rangi juu ya rangi, mtu asiyejua ngozi huyo, ngozi inataka kupumua wewe unaizika, na Moza anapitisha kitambaa, sabuni kidogo, maji kidogo, kitambaa kikamuliwe mpaka kitoe roho, kwa kuzungusha, taratibu, usisugue, weusi unatoka, unatoka, na chini yake inachungulia rangi ya asali, ah, tazama rangi hiyo, "wifi, unanisikia lakini?" anasema Samia, amekaa mkekani mlangoni pa jiko anamenya machungwa na kula, maji yanamtiririka mpaka kiwikoni, "nasema Jumamosi tunapanda lori la alfajiri na mwanangu, tufike Lindi mapema, wasije wakasema watu wa Kivinje wamemleta bibi harusi jua limeshachoka," na Moza anajibu ndiyo wifi, nasikia, naye hasikii, ana habari na ngozi tu, ngozi nene lakini laini, haina mikunjo ya uzee, mishono yake midogo midogo kama imeshonwa na chungu, Wazungu hao, karanga zao zilikataa kuota kule Nachingwea na mitambo yao yote mikubwa kama nyumba, wakafunga safari wakarudi kwao, na vitu vya wake zao vikauzwa mnadani, mapazia, sufuria, kofia za manyoya za kwenda wapi na joto hili, na mikoba, mikoba jamani, ikapakiwa malori ikashuka Lindi, ikapita Mchinga, ikafika mpaka hapa, na watu wakaipa jina hilohilo, karanga, utasikia mwanamke anamwuliza mwenzake, shoga, karanga yako umeipata wapi, na hayo ndiyo mavuno pekee ya shamba lile yaliyofika Kivinje.

Na ilifika ina hali gani, ebu, imepasuka, imekauka, vishikio vimening'inia kwa uzi mmoja, nani aliyeipokea, nani aliyekaa uani hapa na sindano ya shazia na mafuta ya mbarika na nta ile ya nyuki anayoileta Stefania kutoka Kiranjeranje kichwani, akaifufua mmoja baada ya mwingine, Moza binti Tawakali, binti wa mshona hirizi, yuleyule ambaye siku Mfaume aliposema kwao kwamba ameona mchumba, dada yake mtu, huyuhuyu anayekula machungwa hapa, alisimama katikati ya ukumbi akasema kaka, mikono ya binti yule inanuka ngozi, utakula ugali wa kiatu mpaka ufe... na watu wakacheka, na maneno yakafika, maneno ya namna hiyo hayapotei njia, yakamkuta Moza kisimani na ndoo kichwani, naye akaenda zake, akaolewa, akapika, na Mfaume hajafa, amenenepa, na leo ni nani amekuja mwenyewe kwa miguu yake, na mkoba kaufunga katika kanga kama kitoto, "wifi yangu, mkono wako tu ndio ninaouamini," alisema hivyo, kwa mdomo wake, asubuhi ya leo, na Moza akaupokea akasema lete tuutazame, kwa sauti ya kawaida kabisa, wakati ndani ya kifua chake ngoma zilikuwa zinalia, "...na wale watu wa bwana harusi wanatazama, wifi, wale wanatazama mpaka kucha za miguu, mama yake mtu nilimwona Lindi, ana karanga ya kahawia, mpya, si hizi za mnada," ndiyo wifi, atazame mpaka achoke, huu ukitoka hapa utamfumba macho... pembe hii sasa, pembe ndiyo inayokula uchafu, zungusha, zungusha, weusi umetoka wote hapa upana wa kiganja, ngozi iko wazi kama siku ilipotengenezwa, na kidole cha Moza kinasimama.

Kinasimama chenyewe, hajakiambia, kidole kimeona kabla ya jicho... hapana, ni uzee, ni alama za sindano labda, watu huchoma choma, anauinamisha mkoba upande wa jua, anausogeza karibu, vitundu, vinyweleo vya mnyama mwenyewe, navyo havikumwagika ovyo, wala havikupanga mstari, vimekaa vitatu, na pembeni vitatu, na chini yake vitatu, kila mahali vitatu vitatu, na sauti ya baba yake inakuja kama amekaa nyuma yake na kibao chake mapajani, ng'ombe, mwanangu, vinyweleo vyake vimetapakaa kama mchele kwenye sinia, huna utakaposhika, mbuzi yeye anajipanga safu safu kama watu msikitini, lakini ukiviona vimekaa vitatu vitatu kama mafiga ya jikoni, weka chini, kanawe, huyo ni nguruwe... baba aliviona kwenye tandiko la farasi la Mjerumani mmoja, enzi hizo, aliletewa alishone akalifuta kidogo akalirudisha, bwana mkubwa hii mimi siishoni, kwa nini, kwa sababu ya huyu aliyekuwa ndani yake, na yule Mjerumani alicheka mpaka kofia ikamdondoka, kesho yake akaleta mkanda wa ng'ombe, na baba akawa anaisimulia hadithi hiyo kila Ramadhani, na kila akiisimulia kofia inadondoka mbali zaidi... mafiga, ya Rabi, mafiga mkoba mzima, na mikono yake imelowa, na kitambaa, na bakuli, haya, atanawa, mara saba na moja yake kwa udongo, maji yapo, udongo upo, hilo halimtishi, linalomtisha limekaa pale mkekani na linatema kokwa za machungwa, "...maana nimekusudia hivi, wifi, msahafu wa marehemu mama nitautia humu, niingie nao kwa wakwe mkononi, nimekwisha upima, jana niliutia ukaingia sawasawa, ungesema umeshonewa."

Msahafu wa mama mkwe, ule wa jalada la kijani, amekwisha utia, humu, alhamdulillahi ulikuwa mkavu na mkoba mkavu, lakini Jumamosi, na jasho la safari, na mikono ya watu, mbele ya wakwe... na hapohapo, astaghfirullah, hapohapo kabla huruma haijafika kinafika kingine, kitamu, kinampanda kutoka tumboni, furaha, ndiyo, aseme kweli, ni furaha, kwamba mwenye mikono inayonuka ngozi ni nani leo, na Bi Adija yuko ng'ambo ya ua huu wa makuti anatwanga, twa, twa, twa, Moza akitamka neno lile moja kwa sauti ya kuitia kuku mchi utakoma, na kabla ya magharibi Kivinje nzima itakuwa inajua Samia binti nani alimpakata nani, neno moja tu, liko hapa kwenye ncha ya ulimi, lina utamu wa miaka yote ile... lakini ngoja, wewe, fikiri, likishatoka litaishia kwa Samia? kesho mlango hautafungika, karanga zote zitarudi, Moza hebu nitazamie, Moza na wangu je, na huyu naye hatasema lolote ila wivu, ataapa, wifi amenionea wivu kwa sababu ya harusi ya binti yangu, na nusu ya mji itamwamini yeye na nusu nyingine itatupa mikoba jalalani kwa hofu, na kazi imekufa, na zote zilizopita mapajani hapa alizisoma, zote, mbuzi, ng'ombe, ng'ombe, ndama, hakuna hata mmoja... basi nyamaza, nyamaza tu binti Tawakali, nta iko hapo, ipashe moto kidogo, ipitishe, nta ya Stefania inaingia kila kitundu ikakijaza, halafu mbarika, halafu weusi kidogo juu, nani atakayeona mafiga, hakuna, si Samia, si wakwe, si kadhi mwenyewe, angeweza kuifanya kazi hiyo macho yamefumbwa na ingekuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na msahafu ungelala humo ndani... la. La hasha. Hilo halisemeki hata moyoni, na vidole vyake vinausukuma mkebe wa nta kando.

Basi iko njia nyingine, rahisi, njia ya kusitiri, kwa nini hakuifikiria, aseme tu nimeuharibu, wifi nisamehe, maji yamezidi, ngozi imepasuka, haufai tena, mara moja tu maishani, Samia atalia kidogo atanuna kidogo, msahafu utafungwa katika kitambaa cha hariri kama zamani, hapatakuwa na nguruwe, hapatakuwa na aibu, mchi wa Bi Adija utaendelea twa, twa, mambo yamekwisha... na Moza anaijaribu sentensi ile mdomoni, midomo imefungwa, ni-me-u-ha-ri-bu, na sentensi haiendi, inagoma kama punda darajani, nani, mimi, mkono huu, huu uliorudisha mwekundu wa Bi Adija kutoka kwa wafu, Kivinje nzima isimame barazani iseme Moza ameuloweka mkoba wa wifi yake kama nguo ya dobi, na Mfaume asikie, na Stefania asikie kule Kiranjeranje amwambie mumewe Sebastiani yule mama wa nta siku hizi mkono wake umeharibika, afadhali... hawezi, wallahi hawezi, hata kwa hisani, na anataka kucheka, peke yake, na mkoba wa haramu mapajani, maana ameona sasa ni nini kinachomzuia, si uchamungu peke yake, asijidanganye, ni majivuno, ni kiburi kile ambacho mama yake alikuwa akimchapia, alisema kitakuponza, na leo kimesimama katikati ya njia kama askari wa boma kinamwambia huku hupiti, kule hupiti, imebaki kweli tu, haya, na kiwe kiburi, Mungu atamsamehe, kimemweka mahali pazuri.

Na ngozi yenyewe nzuri, hilo nalo lisemwe, haina kosa lolote isipokuwa mwenyewe aliyezaliwa nayo, nzuri kuliko yoyote iliyowahi kumfikia, Stefania angeitundika begani akaenda nayo misa ya Krismasi na roho yake nyeupe, pengine atapewa... na anamtazama Samia, anamtazama kweli, mara ya kwanza tangu asubuhi, chungwa mkononi, maji kwenye kiwiko, kanga imeteleza begani, mdomo unakwenda, unakwenda, "...na lile lori likiharibika Mchinga tutafanyaje, na mama yake mtu yule, wifi, hajacheka hata mara moja, nilikaa naye tangu adhuhuri mpaka laasiri hajacheka," na Moza anasikia kilicho ndani ya maneno hayo, mwanamke huyu anaogopa, ndiyo maana hanyamazi, anamtoa bintiye wa pekee kwa watu wasiocheka, na mkoba mkubwa mweusi ndio ngao yake, ndiyo maana hakuwapelekea mafundi wa Lindi, ameuleta hapa, kwa wifi mwenye harufu ya ngozi, kwa kuwa hata siku ile aliposimama katikati ya ukumbi alijua, watu wote wanajua, kinachotoka mikononi mwa Moza mtu anaweza kukishika akaenda nacho kuswali, hiyo ndiyo kazi, si kung'arisha, kung'arisha hata rangi ya viatu inang'arisha, kazi ni kwamba yeye amesoma na wao wamelala usingizi, na ile furaha tamu iliyokuwa kwenye ncha ya ulimi anaitafuta haioni, imekwenda wapi, imekuwa ndogo, mtu mwenye mkono alionao yeye anahitaji mchi wa jirani ukome ili iweje, atasema, leo, sasa, lakini kwa sauti ya ndani ya kanga, na Samia ataona kwa macho yake mwenyewe, ng'ombe, mbuzi, mafiga, atamfundisha kama alivyofundishwa, kisha watakaa wawili hapa watazame msahafu utabebwaje, na kama kesho atasema ni wivu, aseme, ngozi haina wivu... "mbona kimya, wifi?" Samia ameweka chungwa chini, anajiinua mkekani, anakuja na mikono yake yote miwili iliyolowa imemtangulia, macho yamemng'aa kwa ile rangi ya asali, "haitoki?"

"Imetoka, wifi," anasema Moza, polepole, na anasogea kumpa nafasi. "Kaa hapa penye mwanga. Usiguse. Tazama tu."