Mashahidi Waliojichanganya

Subbamma alikufa bila kujua kwamba siku moja atakuwa anwani ya mtandao. Alikuwa mwanamke wa mitungi, pilipili na ulimi mkali, na maisha yake yote pale Rajahmundry, kusini mwa India, hakuwahi kumwelekeza mtu nyumbani kwake. Aliyetaka achari alifuata harufu. Sasa picha yake, pete ya puani ikiwa kubwa kama kifungo cha koti, ilibandikwa kwenye chupa za wajukuu wawili wasiosalimiana. Chini ya kidevu chake kila upande uliandika maneno yaleyale: Hatuna tawi jingine. Jihadhari na waigaji.

Upande mmoja ulikuwa wa Sarvani, mke wa mjukuu mdogo, Phanindra. Ndiye aliyesajili jina la Subbamma kuwa alama ya biashara, ndiye aliyelipia anwani ya subbamma.in, na ndiye aliyewazoesha Watelugu wenzake walioko Texas kubonyeza kitufe badala ya kumngoja shangazi anayesafiri na sanduku. Aliboresha hata mapishi. Mafuta ya ufuta yalikuwa ghali, akaweka ya pamba. Uwatu ulikuwa mchungu, akaupunguza. Akaongeza siki, ili chupa ifike Houston bila kuzimia njiani.

Upande wa pili ulikuwa wa Himavati, mke wa mjukuu mkubwa, aliyeishi mtaa wa pili na kupika achari uani kwake, akisema mtandao ni michezo ya watoto. Kisha siku moja, bila hodi, akafungua anwani yake: asalusubbamma.in. Asalu, yaani wa kweli, wa asili. Sarvani akalala akiwa mwenye jina, na cheti chake chenye mhuri wa serikali, akaamka akiwa mwigaji.

Msimu wa maembe ulikuwa unakaribia, na kwa muuza achari msimu huo ndio mwaka mzima. Maagizo ya Marekani yakipotelea kwa Himavati, Sarvani angebaki na ghala la chupa tupu. Lakini hilo lilikuwa jambo la pili. La kwanza hakumwambia mtu: tangu aolewe katika nyumba ile, hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja achari yake akasema mkono huu ni wa Subbamma. Sasa alitaka mtu aliseme, na kama ukoo hauwezi, basi aliseme mwamuzi kwa maandishi.

Wakili wake, Chakrapani, alikuwa bingwa wa kesi za mabwawa ya kufugia kamba na za talaka, na alijihesabu mtaalamu wa mtandao tangu alipoingiza intaneti ofisini. Alimweleza kwamba shauri lingekwenda kwa mwamuzi Delhi. Ingebidi waonyeshe kwamba majina yanafanana, kwamba Himavati hana haki na jina hilo, na kwamba alilichukua kwa nia mbaya.

"Halafu kuna kitu ambacho sheria haikilazimishi, ila waamuzi wanakipenda kama watoto wanavyopenda peremende," alisema. "Watu waliojichanganya. Watu wa kweli, wenye majina, waliotaka kununua kwako wakaishia kwake. Nitafutie mmoja, dada. Ukipata wawili tufanye sherehe."

Sarvani hakupata wawili. Alipata ukoo mzima.

Alianza kwa Shangazi Bhramaramba, aliyemkaribisha chakula cha mchana. Palikuwa na wali wa moto, samli, na katikati ya meza chupa ya Himavati, imebaki robo. Shangazi aliona macho ya mgeni wake yalikotua, akaifunika chupa kwa ncha ya sari kama mama anayefunika mtoto anayenyonya.

"Kumbe hii si yako, mwanangu?" alisema. "Basi nilijichanganya. Herufi za kwenye simu ni ndogo mno."

Mwingine angeona haya kwa niaba yake. Sarvani nusura amkumbatie. Alitoa karatasi ya kiapo mkobani, na Shangazi, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza hadi alipostaafu, akatia sahihi kwamba lile neno asalu hakuliona.

Kutoka hapo ushahidi ulimfuata wenyewe. Kuhani wa familia, anayeweza kukuambia nyota yako ilikuwa wapi ulipokatwa kitovu, alikiri kwamba alijichanganya kila mwezi, kwa uaminifu wa mtu anayetimiza nadhiri. Binamu daktari wa Dallas, anayesoma picha za ubongo wa watu, aliandika kwamba alishindwa kusoma anwani, akaomba mama yake asionyeshwe. Baba mdogo Mallikarjuna, mhasibu, alijichanganya mtandaoni, kisha akapanda pikipiki kwenda kuichukua achari mwenyewe nyumbani kwa Himavati, akakaa kibarazani, akanywa kahawa, akauliza hali ya watoto.

"Mpaka kwenye kahawa nilikuwa bado nimejichanganya," aliapa.

Phanindra alilipitia rundo la viapo akiwa amesimama, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa jirani. "Ukoo wangu wote una shahada," alisema. "Kumbe hatujui kusoma."

Sarvani alimjibu kwamba hiyo ndiyo hasara ya kusoma sana, akayarudisha makaratasi kwenye jalada.

Alibaki Kanakam, mama mkwe wake na wa Himavati. Kanakam alikuwa mkwe wa Subbamma mwenyewe; alitwanga haradali pamoja naye tangu akiwa bibi harusi hadi wote wawili walipopata mvi. Sasa alikuwa mjane, akiishi kwa Sarvani na kula mezani kwake. Kila siku alichukua achari ya mkwewe kwa ncha ya kidole, akaiweka pembeni mwa sahani, akasema, "Iko sawa," na ikabaki pembeni hapo hadi sahani ilipooshwa. Sarvani aliamini ni umri.

Asubuhi moja alikwenda kutafuta tambi za taa kwenye rafu ya sala. Nyuma ya picha ya Subbamma iliyovishwa shada la maua, mkono wake ukagusa kioo. Akatoa chupa. Ilikuwa nusu, na kifuniko kilikuwa na mafuta ambayo hayajakauka.

"Mama, hii nini?"

Kanakam, aliyekuwa akichambua dengu, aliitazama chupa kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja bila taarifa. "Nilijichanganya," alisema.

"Uliagiza kwa simu?"

"Kwa simu."

"Simu yako haina mtandao, mama."

"Ndiyo maana nilijichanganya."

Sarvani alisimama pale kidogo na chupa mkononi. Kuna wazo lilikuja likabisha hodi kichwani mwake. Hakulifungulia. Alikwenda kumpigia wakili, na Chakrapani alipopata sauti alisema kwamba kesi imekwisha: ikiwa mkwe wa Subbamma mwenyewe amechanganywa na ile anwani, India nzima nani yuko salama?

Siku ya shauri walikaa ofisini kwake mbele ya kompyuta, Sarvani katikati, mama mkwe kulia, wakili kushoto na tai iliyomkaba. Kwenye kioo alitokea mwamuzi, Mheshimiwa Deshikachari, jaji mstaafu mwenye alama ya ibada kwenye paji la uso na sura ya mtu aliyekatizwa kifungua kinywa. Kwenye kisanduku kingine alikuwa Himavati, peke yake, hana wakili. Nyuma yake ilipangwa mitungi iliyofungwa midomo kwa kitambaa cheupe. Wakili alinong'ona kwamba hayo ni maigizo. Sarvani alikubali, ingawa hakuacha kuitazama ile mitungi.

Chakrapani alizungumza kwa muda mrefu. Alitaja nia mbaya mara nyingi kiasi kwamba ilianza kusikika kama jina la kijiji. Himavati alipopewa nafasi alisema tu kwamba naye aliolewa kwenye nyumba ileile, kwamba alifundishwa na bibi yuleyule, na kwamba hajamchanganya mtu. "Wanaokuja kwangu," alisema, "hawajapotea njia."

Mwamuzi alifunua viapo kimoja kimoja. "Mwalimu wa Kiingereza," alisoma. "Daktari. Mhasibu. Kuhani. Nimekaa kwenye kiti hiki muda mrefu, na sijawahi kuona ukoo wa wasomi uliopotea kwa pamoja namna hii. Mama Kanakam yupo?"

Kanakam alivuta sari kichwani akasogea mbele.

"Unaapa kusema kweli?"

"Naapa kwa mama mkwe wangu."

Hapakuwa na mtu katika ukoo ule aliyethubutu kuapa uongo kwa jina la Subbamma. Wa mwisho kujaribu alikuwa shemeji mmoja. Wiki ileile akang'oka meno mawili ya mbele, na hadi leo anatabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

"Uligundua lini," mwamuzi aliuliza, "kwamba achari ile si ya mkwe wako huyu?"

"Nilipofungua kifuniko."

"Kabla hujaonja?"

"Pua inatosha, mheshimiwa."

"Na ukaendelea kula?"

"Ilikuwa na ufuta," alisema Kanakam. "Na mimi ni mzee. Sitaki nikifa nichomwe nikiwa nanuka siki."

Chakrapani alikimbilia kitufe ili akate sauti. Alikata picha yake mwenyewe.

"Basi hukujichanganya, mama," alisema mwamuzi, taratibu.

Kanakam hakumtazama mwamuzi. Alimgeukia Sarvani, akasema naye kama kwamba wako jikoni wawili peke yao.

"Unaamka kabla ya jua, unafanya kazi kuwashinda wanaume wote wa nyumba ile. Ningekwambia nini? Kwamba umeua achari ya watu? Nikasema nimejichanganya. Shangazi yako naye hivyo hivyo, na kuhani, na yule mjinga wa pikipiki. Ilikuwa heshima, mwanangu. Tulikusitiri kimya kimya. Wewe ukaja na karatasi, ukatuambia tuitie sahihi."

Himavati, ambaye angeweza kucheka, aliinamisha kichwa akawa anakaza kamba ya mtungi uliokwisha kukazwa.

Uamuzi ulifika kabla maembe hayajafika sokoni. Sarvani alishinda.

Alishinda kila kitu. Sheria, aliandika mwamuzi, inatazama majina, haionji. Anwani ya Himavati imelibeba jina lililosajiliwa lote bila kulipunguza, na kulitanguliza kwa neno linalojisifu kuwa ndilo la kweli hakuondoi mfanano, kunauzidisha. Anwani ikabidhiwe kwa mlalamikaji. Mwishoni kabisa aliongeza kwamba viapo vya mashahidi hakuvizingatia, kwa kuwa vilitolewa kwa upendo.

Chakrapani alileta peremende, akasema kesi hii itamfikisha Hyderabad. Phanindra alimpongeza mkewe, kisha akakumbuka ana shughuli mahali. Kanakam alisema, "Iko sawa." Himavati naye alikabidhi nywila siku ileile, bila neno, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Na kwa hiyo Sarvani akawa Subbamma pekee mtandaoni, wa kawaida na wa kweli, kwa amri halali. Akakaa mbele ya kompyuta kupokea maagizo yake mapya. Yalikuwa mengi kuliko alivyofikiri. Himavati, wa michezo ya watoto, alikuwa ameuza hadi Melbourne. Karibu kila agizo lilikuwa na maelezo mafupi chini yake. Ileile ya mafuta ya ufuta, tafadhali. Kama ya mwaka jana, si ile nyingine. Mama anaumwa, anataka ile ya bibi.

Moja lilitoka mji uleule, kwa Shangazi Bhramaramba, ambaye inaonekana hakuna aliyemweleza kwamba anwani imehama. Chupa tatu za ile ya kweli, aliandika. Na usimwambie Sarvani.

Sarvani alilisoma, akalisoma tena. Alitafuta watu waliojichanganya mji mzima, akawabebea karatasi hadi mezani kwao, na sasa, kesi ikiwa imekwisha, alikuwa amempata wa kwanza aliyejichanganya kweli.

Alikwenda ghalani, akafungua chupa yake mwenyewe. Hakuonja. Aliisogeza puani, akaivuta harufu kwa muda, kisha akarudisha kifuniko na kukikaza sana, kana kwamba kuna kitu ndani kinachoweza kumfuata. Halafu alivaa viatu akatoka.

Mtaa wa pili hauko mbali, lakini hakuwa amekanyaga pale tangu ndugu wale wawili wagawane mitungi ya baba yao. Himavati alikuwa kwenye lango la ua, amekalia kigoda mbele ya ubao wa kukatia maembe, panga fupi mkononi. Aliendelea kukata. Embe lilipasuka pamoja na kokwa lake, likaangukia huku na huku.

"Umekuja kuchukua na mitungi?" aliuliza.

Sarvani alikuwa ameandaa maneno njiani. Yalikuwa mazuri, yenye msamaha ndani yake na hata ushirikiano wa kibiashara. Yote yalimtoroka.

"Hapana, dada," alisema. "Nilikuwa naenda kwangu. Nimejichanganya."

Panga lilibaki juu kidogo. Himavati alimpima kutoka kichwani hadi vidoleni, bila haraka, na ikaonekana wazi kwamba anaifurahia kila hatua ya kipimo hicho.

"Wengi hujichanganya hapa," alisema mwishowe. "Viatu viache nje. Nawa mikono, na uikaushe vizuri. Tone moja la maji likiingia, mtungi wote umekwenda. Kazi ya kukata unaikumbuka, au nayo uliiboresha?"

Sarvani alinawa, akakausha mikono hadi ikawaka. Alipoingia uani alimkuta Kanakam kwenye kivuli, miguu ameinyoosha, bakuli la vitunguu saumu mapajani, anamenya kama mtu aliyekuwa hapo tangu asubuhi na kila asubuhi. Alimwona mkwewe. Safari hii hakujaribu hata kusema kwamba amejichanganya. Alisogea kidogo, akampisha nafasi kwenye mkeka.