Dhahabu ya Mzee Brashi

Mvua ilikuwa imetoka kukatika, na mwanga mwepesi ulitiririka ndani ya chumba cha daktari. Mbele yake aliketi mpaka rangi mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi, akitabasamu kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto tamu.

"Kila kitu kimekuwa dhahabu, mwanangu," alisema. "Kuta, maziwa, hata shuka. Taa nazo zimevaa mataji."

"Chakula hataki," mkewe akadakia. "Kutwa kunisifu tu, eti nang'aa! Tangu anioe hajawahi. Nikajua huyu mgonjwa."

Daktari alicheka. Macho ya uzee hayo, aliwaza. Labda mtoto wa jicho. Akaanza kumwandikia aende kwa daktari wa macho. Ndipo akili bandia iliyomo kwenye kompyuta, ambayo kazi yake ni kumkumbusha asichokifikiria, ikaleta maneno pembeni mwa skrini: dawa ya moyo anayomeza mzee huyu huenda imelundikana mwilini kwa sababu ya dawa ya kifua aliyopewa juzi. Ikizidi huondoa hamu ya kula, humfanya mtu aone kila kitu kwa rangi ya manjano. Pima mapigo.

Daktari aliweka kalamu chini, akamshika mzee kifundo cha mkono. Mapigo yalikuja polepole mno, moja likisahau kulifuata jingine.

"Mzee wangu, dawa ya moyo imekuzidi. Tunaisimamisha, na leo unalala hapa tukuangalie."

"Na dhahabu yangu?"

"Itaondoka."

Mzee alishusha pumzi. "Nimepaka nyumba za watu maisha yangu yote. Rangi hii sijaiona dukani."

Jioni, zamu ilipokwisha, daktari hakwenda nyumbani. Alivuta kiti karibu na kitanda, kati ya nyaya za mashine ya moyo.

"Nisimulie, kabla haijaisha."

Mzee akanyoosha kidole. Muuguzi yule anatembea ndani ya asali. Pazia lile linapumua.

"Na mimi?"

"Wewe umechoka, mwanangu. Hilo hata dhahabu haifichi."

Wakacheka kwa sauti ya chini, wasiamshe wengine.

Siku chache baadaye mapigo yakakaa sawa, na shuka zikawa nyeupe. Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba chai.