Vipande Saba vya Moto-Bubu

Katika nchi ya Zizima, iliyojikunyata juu ya milima ambako umande huganda kabla haujadondoka, na ambako maskini huzaliwa, huoa na huzikwa wakiwa wamekunja viganja, wakubwa hawakuota moto wa kuni. Walikuwa na moto-bubu, madini yaliyochimbwa na watu walionyonyoka nywele kabla ya kuota mvi: mazito kuliko risasi, meupe kama fedha yakikwanguliwa, meusi yakikaa hewani, na yenye joto lao yenyewe bila kuni wala moshi. Bi Nambuo, mfua vyuma, alifua vipande saba, akavigawa kwa nyumba saba za watawala kwa sharti moja: visikutanishwe.

Mtawala Kigingi, mkuu wa wote saba, alikuwa na chake, lakini hakikumpa raha. Kila jioni aliwaona wageni wakimiminika kwa mdogo wake, Mdenga, wakikawia, wakitoka wanacheka. Kwake walikuja kupiga magoti, wakaondoka. Akajiridhisha kwamba Mdenga amependelewa kipande chenye joto zaidi, akalazimisha wabadilishane. Wageni hawakuhama. Siku alipomkuta binti yake mwenyewe, Mashavu, amesinzia begani kwa ami yake, alirudi nyumbani kwake, na kulipokucha akaamuru vipande vyote viletwe vitiwe chini ya kiti chake.

Nambuo alimfuata.

"Kila kimoja kikiwa peke yake kinatoa joto, Mtukufu," alisema. "Vikikutana vinachocheana, na hakuna maji ya kuvizima."

"Mdenga ndiye aliyekutuma?"

"Waliokufa shimoni ndio walionituma."

Akafukuzwa.

Kigingi hakumwamini mtu kuvigusa. Alivipanga kwa mkono wake. Sita vilitulia. Alipokisogeza cha saba, kile kilicholetwa kutoka kwa Mdenga, mwanga wa buluu ulijaa chumba bila mlio, ulimi wake ukaonja chuma, na kipande kikamponyoka kikabingirika pembeni. Kisha likamwingia joto ambalo hakuwahi kulijua, akacheka peke yake.

Kutwa ile alitapika. Kesho yake akasema amepona, tena hajawahi kuwa na nguvu kama zile, akatuma wapiga mbiu waite watu waje waote. Walifika hadi langoni, wakaona shomoro wameanguka chini ya dirisha, wakaishia hapo. Kwa Mdenga, ambako sasa kulikuwa na kuni mbichi tu na moshi wa kuwatoa watu machozi, mlango haukufungika.

Ndani ya jumba sauti iliendelea kutoa amri, siku ya tatu, siku ya nne, kila siku ikizidi kuwa nyembamba, hadi ikaacha kuulizia habari za kodi na mipaka.

"Nani yuko kwa Mdenga?" iliuliza.

Mlinzi alitazama ng'ambo, akaona ua umejaa hadi nje, na Mashavu amepiga magoti akipuliza kuni.

"Hakuna mtu, Mtukufu," alijibu, akauegemeza mkuki wake ukutani, akaanza kuteremka kwenda huko.