Spiriti ya Pampu

Nyanya zangu zilikuwa zimeanza kutoa maua, na pampu ikagoma. Wiki moja zaidi bila maji, shamba lote lingekauka. Na shamba lenyewe si langu. Hapa Mlali ardhi ni ya ukoo wa mke wangu, Yustina. Mimi Severin, mtu wa Rombo, nimekaribishwa tu. Mama mkwe, Mama Editha, alikuwa ameshawatangazia ndugu zake kwamba mkwe wake anajua kulima. Nyanya zikifa, kipande hicho anapewa binamu wa Yustina, Fransisko, ambaye kila akipita husimama kukitazama.

Pampu ni ya zamani, ya kabureta. Bei ya petroli ilinishinda, nikaamua itumie spiriti ya miwa, ambayo jamaa mmoja wa Kilosa huipika kwa molasi. Mimi ni fundi pikipiki, sikuona ugumu. Nikatanua tundu la jeti, kile kipande kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta, kidogo kidogo, maana spiriti hutakiwa iingie nyingi kuliko petroli. Nikabadilisha mpira wa mafuta, maana ule wa zamani ungelainika. Asubuhi, baridi ya milimani ikiwa bado kali, naiamsha kwanza kwa petroli kidogo. Ikawaka. Maji yakafika hadi tuta la mwisho, nikatamba kijiji kizima.

Kisha ikaanza kukohoa. Inawaka, inazima. Nikafungua kabureta, nikaipuliza, nikairudisha. Nikabadilisha plagi. Nikatanua jeti tena, ikawa mbaya zaidi, nikanunua jeti nyingine na kuanza upya. Niligombana mpaka na kuku.

"Labda imechoka," Yustina alisema.

"Haijachoka. Inanifanyia kusudi."

Juzi asubuhi nikamimina spiriti kwenye kifuniko cha dumu, nikaisogezea kiberiti. Njiti ikazima. Nikawasha nyingine, nayo ikazima. Hapo ndipo akili iliponijia: maji. Petroli ukiitia maji, yanakaa chini unayaona. Spiriti inayameza, nawe unatazama dumu lako limejaa na unaridhika kama mjinga.

Nikageuka kumtafuta mwizi nimvunje mikono. Mama Editha alikuwa barazani anajisugua magoti, yale magoti yanayomfanya achechemee mwaka mzima. Harufu ya spiriti niliisikia nikiwa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya mafuta yako yamenifaa sana. Nikichukua kidogo narudishia maji, yasikupungukie. Jana nimekuongezea mengi, nimeona unavyohangaika."

Mama mkwe hata kwetu Rombo hagombezwi, sembuse huyu ninayelima ardhi yake. Matusi yalikuwa yameshafika mdomoni, nikayameza yote.

"Asante, mama," nikasema.

Nikachukua ndoo mbili nikateremka mtoni. Kumwagilia shamba zima kwa ndoo ni kazi ya kichaa, lakini nilihitaji kubeba kitu kizito. Nilikuwa napandisha, jasho limeniingia machoni, nilipokutana na Mama Editha njiani, ndoo tupu kichwani.

"Nimesikia mashine imegoma," alisema. "Mwambie Fransisko asubiri sana. Magoti yangu sasa yana nguvu, tutamwagilia sote."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Nikampisha, naye akateremka mtoni bila kuchechemea.