Jumatatu ya Tarehe Tisa

Barua ilisomwa uani, Waridi akiwa ndani nyuma ya pazia, kwani mwanamke aliye katika eda ya mumewe haonani na wanaume wa kando. Msomaji alikuwa Kahindi, aliyefanya kazi na marehemu Mwidani katika kampuni moja pale Kipevu miaka kumi na miwili. Mwidani alikufa mwanzoni mwa Julai 1992, na kampuni ikamkumbuka mjane wake mwishoni mwa Oktoba: kuna nafasi ya karani wa simu, ofisi ya Nairobi. Aripoti Jumatatu, tarehe tisa Novemba, saa tatu asubuhi. Asipofika, atapewa mwingine.

"Umesikia, shemeji?" Kahindi akaliuliza pazia.

"Nimesikia."

"Basi niwaambieje?"

Waridi akatazama kalenda ukutani. Tangu siku ya mazishi alikuwa akizikata tarehe kwa penseli. Miezi minne na siku kumi: kutoka tarehe mbili Julai hadi kumi na mbili Novemba.

"Waambie nimo eda mpaka tarehe kumi na mbili. Wakiweza kungoja, wangoje."

Kahindi akaenda, akarudi kesho yake. Hawangoji. Siku tatu tu, wamekataa.

Kwa Waridi likaishia hapo. Halikumuuma wala halikumfurahisha. Tangu Mwidani azikwe, mambo yalimteleza kama maji juu ya jani la mjimbi. Lakini Likoni jambo haliishi kwa kuwa mwenyewe ameliacha. Wifi yake Dhahabu aliichukua barua ile kama kaandikiwa yeye, na kila alasiri chumba kikajaa wanawake wa kuijadili.

"Nairobi maji ni barafu," akasema Nyamvula, jirani muuza mihogo. "Nilikaa wiki nzima kwa dada yangu, nikaoga mara mbili. Na hiyo ya pili nilisukumwa."

"Kwani anakwenda? Eda imemfunga," Dhahabu akasema. "Lakini angekwenda, wallahi ningemfuata nikampikie. Atakula nini kule, sukuma kila siku?"

"Na wanaume wa kule, basi, wana maneno matamu."

"Nyamvula, mwenye eda anasikia."

"Asikie. Aliyefungwa ni yeye, si masikio yake."

"Haya," akasema Waridi, kama alivyosema kwa kila kitu siku hizo. Hakuwa na neno nao. Walikijaza chumba, na eda ilikuwa imeshamjibia. Hapakuwa na wa kumuuliza tena anataka nini.

Jumamosi, tarehe saba, kabla ya adhuhuri, akaingia mama yake mkubwa, Bi Mwanakheri, kutoka Mtongwe. Kapuni mlikuwa na sabuni, doti ya leso mpya, udi, na kuku aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama Waridi na nguo zake nyeupe. "Mbona hujaoga?"

"Kuoga?" akadakia Dhahabu.

"Kuoga kutoka eda. Si imekwisha jana magharibi?"

Wakacheka kidogo, kwa adabu, jinsi mtu anavyomcheka mkongwe. Dhahabu akaionyesha kalenda. "Bado siku tano, mama. Waridi mwenyewe ndiye anayehesabu, msomi wetu."

Bi Mwanakheri hakuigeukia. "Mwidani alikufa siku ya kwanza ya mwezi wa Mfunguo Nne. Jioni ya kuamkia siku hiyo tuliuona mwezi hapo nje, mwembamba kama uzi." Akakunja vidole. "Nne, Tano, Sita, Saba. Na kumi za Mfunguo Nane. Eda hufuata mwezi wa kuandama, wa siku ishirini na tisa au thelathini, haifuati tarehe za ofisi. Na nyinyi nyote humu, watu wazima, mlikuwa mkifanya nini?"

Kila mmoja alimwachia msomi, na msomi alihesabu kikarani.

"Basi Jumatatu anawahi," akasema Nyamvula polepole.

Chumba kizima kikamgeukia Waridi. Akainuka, akaenda kuoga. Alipotoka, leso mpya mwilini, Kahindi alikuwa ameshaitwa, amesimama barazani akitazama viatu vyake.

"Nafasi bado ipo?"

"Mpaka Jumatatu saa tatu, shemeji."

"Hapana anayekulazimisha," Bi Mwanakheri akasema. "Kaa. Utakula tunachokula."

Ilikuwa kweli. Waridi akajipekua ndani atafute sababu ya kukaa, asiione. Sababu ya kwenda nayo hakuiona. Ila huku kulikuwa na chumba kile na kitanda kile, na kule simu italia, na mtu itabidi aiinue.

"Nikatie tikiti ya treni ya kesho jioni," akamwambia Kahindi.

Dhahabu akaangua kilio. Nyamvula akauliza kama kuku ni wa leo au wa njiani.

"Mchinjeni leo, watu wale," Waridi akasema. Akaingia ndani, akafungua sanduku, akaanza kutoa nguo za Mwidani apate pa kuweka zake. Alizipanga kitandani moja moja, mashati kwanza.