Sharti la Tatu

Jumanne saa nne kasorobo asubuhi, Bi Masjala alikuwa akikwangua gundi iliyoganda kwenye meza yake, pale kwenye jengo la wanafalaki, mlinzi alipokuja kumwambia kuwa ana mgeni. Aliuliza ni nani. Mlinzi akamfungulia daftari la wageni: jina: Sayari ya Tisa; atokako: mbali; kusudi la ziara: binafsi. Na mgeni mwenyewe mlinzi hakuwa na neno naye, ila alilalamika kwamba wino wa kalamu yake umeganda.

Sayari ilikuwa imekaa kwenye benchi la wageni, ukubwa wa pipa la maji, rangi ya kahawia iliyopauka, kikaratasi cha foleni namba sita kimegandia ubavuni. Mwezi wake, ambao ni nusu yake kwa upana, ulikuwa ukizunguka nje kwenye maegesho ya baiskeli kwa kuwa benchi lilikuwa fupi. Bi Masjala alirudi kuchukua sweta, akaja kukaa karibu na mgeni wake.

"Nimesikia mmenitoa," ilisema sayari. "Sijaelewa kosa langu."

Jibu Bi Masjala alikuwa nalo, maana alilipiga chapa mwenyewe. Wiki iliyopita wanafalaki walikutana ukumbini, wakabishana siku mbili mpaka wengine wakanyimana salamu, kisha wakapiga kura kwa kunyoosha penseli. Yakapatikana masharti matatu. Kwanza, sayari ilizunguke jua. Pili, iwe na uzito wa kutosha kujifinyanga mviringo. Tatu, iwe peke yake katika njia yake, mawe na mabonge mengine yote iwe imeyavuta au imeyafukuza. Sayari ya tisa ilipita mawili ya kwanza bila jasho. La tatu lilikuwa limeiangusha, kwa kuwa huko inakopita kumejaa mabonge ya barafu.

"Lakini sikuyaweka mimi," ilisema sayari.

Hata mambo yake mwenyewe Bi Masjala yalikuwa hayajamkaa sawa kichwani. Katika mkutano ule ule, watu wakiwa wameshaanza kunusa chakula, Mwenyekiti alisoma ajenda ya mwisho: nani kati ya wafanyakazi wa muda ahesabiwe mwajiriwa, na nani aondoke. Bi Masjala alikuwa wa muda kwa miaka kumi na saba. Njaa ilikuwa inauma, masharti matatu yalikuwa bado ubaoni, basi wakayatumia yale yale, wakabadilisha maneno machache tu. Afike kazini kila siku. Awe ameiva katika kazi yake. Awe na meza yake peke yake.

Bi Masjala aliyaandika yote huku akitikisa kichwa kukubali, mpaka aliporudi na kuitazama meza yake. Juu yake kulikuwa na birika la ofisi, mashine ya fotokopi, kofia ya Mwenyekiti, lenzi tatu zilizovunjika na vikombe vya watu sita. Mwisho wa kutimiza masharti ulikuwa Ijumaa.

Jumatano nzima alihamisha birika. Kila alipolihamisha, mtu alilirudisha, tena kwa upole, akidhani limesahauliwa. Alhamisi aliichukua sayari, wakaingia kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti aliwakaribisha vizuri, akaiomba sayari isikae karibu na kompyuta.

"Sayari ya tano ina maelfu ya mawe njiani mwake," alisema Bi Masjala. "Mbona haikutolewa?"

"Yale yanaifuata yenyewe. Ile ni kubwa. Huyu anaishi na wenzake tu."

"Na vikombe vilivyo mezani kwangu, ni vya nani?"

Mwenyekiti alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, na alionekana kuchanganyikiwa kuliko hata wao. Mwishowe alisema kura imeshapigwa, na sayansi haina chuki na mtu. Akawasindikiza mpaka masjala, akaweka kikombe chake juu ya meza ili apate kumpa Bi Masjala mkono.

Ijumaa jina la Bi Masjala lilihamishiwa kwenye orodha ya Wengineo. Aliipiga chapa yeye, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayejua. Nyumbani dada yake alimuuliza amekosa nini. Alimweleza mara tatu, na kila mara yeye mwenyewe alielewa kidogo kuliko mara iliyotangulia. Aliona uchungu, kisha aibu, na hakujua aibu imetoka wapi.

Jumatatu miguu ilimpeleka kazini, maana miaka kumi na saba haiwezi kumtoka mtu kwa siku mbili. Mlinzi alimwamkia, akamsogezea daftari la wageni. Kwenye kusudi la ziara alisita, kisha akanakili la aliyemtangulia. Akapewa namba saba. Sayari ilikuwa bado na namba sita yake.

Kutoka benchini mlango wa masjala ulionekana wazi. Birika lilikuwa limehamishiwa dirishani, fotokopi imesukumwa ukutani, kofia imetundikwa, vikombe vimeoshwa na kupangwa kabatini. Meza ilikuwa tupu, imefutwa vizuri, inamsubiri atakayekuja.

Bi Masjala aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akajibana mwisho wa benchi, akauita mwezi uingie ndani ukae.