Chaki ya Mama Stéphanie

Mama Stéphanie, fundi wa majengo kutoka Bujumbura, alikuwa jirani yangu mjini Kolwezi, kwa kuwa mume wake alikuwa karani mgodini. Hati yake ya ukaaji haikumruhusu kuajiriwa. Siku moja alinijia akiwa na barua mbili, akaniuliza ni wapi autoe ujuzi wake bure.

Barua ya kwanza ilitoka kwa shirika moja la mtaa wa Manika: walimwahidi meza, kadi yenye picha na kiti cha mbele kwenye semina. Ya pili nilikuwa nimeiandika mimi, kwa niaba ya shule ya msingi niliyoiongoza kwa miaka ishirini na sita, hata mtaa ukaniita tata directeur, yaani baba mwalimu mkuu. Ukuta wa darasa la kwanza ulikuwa umepasuka tangu watu walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao, na Jumatatu watoto wangerudi kutoka likizo.

"Manika utakaa," nilimwambia. "Kwetu utafanya kazi."

Alichagua shule. Najilaumu hadi leo kwamba sikuwaandaa watu.

Jumatano alichora mstari wa chaki kwenye ncha ya kila ufa, akaandika tarehe kando yake. Ufa ukivuka mstari, alinieleza, ardhi bado inatembea, na mtoto yeyote asiingie.

Lakini kwetu mgeni anayeandika ukutani ana maana moja tu. Kampuni ya mgodi ikitaka kuhamisha mtaa, hutuma watu kuzitia nyumba alama na tarehe, na nyumba isiyo na alama haipati fidia. Nilikuwa nimeona mitaa miwili ikiondoka kwa njia hiyo, na bado sikulifikiria.

Ijumaa asubuhi mtaa mzima ulikuwa na chaki, ingawa Mama Stéphanie hakuwa amechora popote ila shuleni. Mama Godelieve, muuza unga, alikuwa na mistari saba kwenye nyumba ya vyumba viwili.

"Nani aliandika hapa?" nilimuuliza.

"Ni ule mama wa Burundi, tata directeur."

"Alikuja saa ngapi?"

"Ile saa mi sikukuwako."

"Basi umejuaje kwamba ni yeye?"

"Tata, njo chaki yake."

Shuleni ilikuwa vibaya zaidi. Mtu alikuwa ameifuta mistari yetu kwa kitambaa chenye maji, bila shaka ili shule isitangulie wengine kulipwa. Kazi ya siku mbili ilikuwa imepotea.

Kabemba, mwenyekiti wa wazazi, alitukuta hapo.

"Mama, mi nauliza kintu kimoya tu. Juu ya nini kwangu haukufika? Nyumba yangu inapasuka kupita nyumba ya masomo."

Tulimfuata. Sebuleni mwake, chini ya turubai, palikuwa na shimo ambalo mwisho wake haukuonekana.

"Linaelekea wapi?" Mama Stéphanie aliuliza.

Kabemba alicheka. "Kobalti njo inajua."

Mama Stéphanie alitazama nje kupitia dirisha. Mbele yake, ng'ambo ya ua, lilisimama darasa la kwanza.

Tulipofika kwenye lango la shule alinigeukia. "Directeur, Manika wangenipa meza."

Nilidhani angekwenda zake. Badala yake aliomba vipande vya kioo cha dirisha na saruji kidogo.

"Kioo hakuna atakayekichora," alisema. "Ufa ukisogea, kitapasuka."

Alibandika vipande vitatu juu ya nyufa, upande wa ndani. Nilifunga mlango kwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwangu.

Jumatatu kabla ya kengele nilifungua. Vipande viwili vilikuwa vimepasuka katikati. Nilitamani kumshtaki mtu, lakini hakuna aliyeingia. Niliwapeleka watoto kanisani, wakae kwenye mabenchi marefu ambayo miguu yao haikufika chini. Glodie, binti wa Kabemba, alikuwa miongoni mwao.

Baba yake alikuja mbio.

"Tata, vile kioo imevunjika, sasa bataanza kuandika na nyumba zetu?"

"Fukia shimo lako, Kabemba. Mtoto wako anasoma juu yake."

"Tutaona, tata."

Mama Stéphanie alitoa kipande cha kioo kwenye mfuko wake, akamkabidhi.

"Hiki ni chako. Kibandike juu ya ufa ulio karibu na mahali anapolala Glodie. Kikivunjika, mtoe mtoto siku hiyohiyo."

Kabemba alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa. Alikigeuza, akakitazama pande zote.

"Mama," akasema, "na tarehe, utaniandikia?"